Uwape Wasio Nacho

Kuna sala ya chakula ambayo kila mwanafunzi Mkristo wa Kenya anaijua bila kuikariri. Unashukuru kwa chakula, unaibariki mikono iliyokitayarisha, halafu unamalizia kwa kumwomba Mungu awape wasio nacho. Amina, kisha vijiko. Niliisikia shule ya msingi, nikaisikia sekondari, nikaisikia chuoni kwa miaka miwili na nusu kabla sijatoka. Sina ubishi na sala yenyewe. Ubishi wangu ni na kile kinachofanyika nusu saa baadaye.

Wacha nianze na nilichokiona mwenyewe. Jumapili moja mwisho wa semesta, ushirika wetu wa wanafunzi uliandaa chakula cha kuwaaga wa mwaka wa nne. Mchango ulikuwa shilingi mia tatu. Sikuwa nazo. Mkopo ulikuwa haujaingia, na nyumbani hakuna wa kupigiwa simu. Nikajiandikisha kamati ya vyombo, maana wa kamati ya vyombo hawakuulizwa mchango. Chuo chenyewe sikitaji, na wala usihangaike kukitafuta. Ukifika chuo chochote pwani hii au bara utaikuta Jumapili hiyo hiyo.

Kulikuwa na pilau ya kuku, kachumbari, chapati, ndizi na soda. Dada mmoja akasimama kuombea chakula, sauti nzuri kweli, na alipofika kwenye wasio nacho ukumbi mzima ukaitikia Amina ya nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango wa jikoni. Tumboni nilikuwa na chai ya mkandaa ya asubuhi, basi.

Halafu sahani zikaanza kurudi. Paja la kuku limeumwa mara moja. Kilima cha pilau kimechimbwa upande mmoja tu. Chapati nzima imekunjwa vizuri, na juu yake tishu iliyopangusiwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kukwangua sahani kwa mkono, kila kitu kwenye ndoo, kisha sahani kwenye beseni. Ndoo ya kwanza ya lita ishirini ikajaa. Tukaleta ya pili.

Nikala. Sitaficha. Nilichagua yale mapaja yaliyoguswa kidogo, nikageukia ukuta, nikala haraka haraka. Ndugu mmoja wa kamati ya maombi akanikuta mdomo umejaa. Hakunicheka. Alinishika bega akaniambia kwa upole, "Bro, tutakuombea." Akamimina mabaki yake kwenye ndoo, akaenda zake.

Sasa wacha niseme hoja yangu bila kuzunguka. Sisi vijana wa dini, wa msikiti na wa kanisa, ndio tungekuwa watu wa mwisho kutupa chakula chuoni. Badala yake ni katika sherehe zetu wenyewe ndoo zinajaa kuliko siku nyingine zote. Na si kwamba hatujui. Vitabu vyetu vimelisema jambo hili waziwazi kuliko mambo mengi tunayopigania kila wiki.

Nyumbani kwetu kuna pande zote mbili. Mamangu ni wa kanisa, upande wa babangu ni Waislamu, kwa hivyo nimekaa kwenye mikeka yote miwili. Ukristo nitauanza na Yohana sura ya 6, hadithi ya mikate mitano na samaki wawili. Hiyo nimehubiriwa hadi nimechoka. Nimehubiriwa kuhusu yule mtoto aliyetoa chakula chake, kwamba na mimi nitoe sadaka nivune mara mia. Nimehubiriwa kuhusu muujiza wenyewe. Sijawahi, hata siku moja, kuhubiriwa mstari wa 12. Watu wameshiba, muujiza umekwisha, na Yesu anawaambia wanafunzi wake waokote vipande vilivyobaki kisipotee chochote. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Fikiria hapo. Mtu mwenye uwezo wa kufanya mikate itoke hewani ndiye anayehangaika na makombo. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "achana nayo, tutapata ingine," ni yeye. Hakusema.

Upande wa Kiislamu ni vilevile. Aya ya 31 ya Sura ya Al-A'raf inaanza kwa kuwaambia wanadamu wajipambe wanapokwenda kuswali. Kisha inawaruhusu kula na kunywa. Kisha inakataza israfu, na kusema Mungu hawapendi wafanyao israfu. Aya moja. Nusu yake ya kwanza, ile ya mavazi, nimeisikia kwenye mihadhara ya wanafunzi mara ngapi? Buibui hivi, kanzu vile, suruali ifike wapi. Nusu ya pili tunaipita kama matatu inavyompita abiria aliyesimama mahali pasipo stendi. Na kuna hadithi katika Sahihi ya Muslim, kwamba tonge likikuanguka uliokote, uondoe uchafu, ulile, usimwachie shetani. Tonge moja! Nasi tunamwachia shetani sinia nzima.

Mwaka mmoja Ramadhani rafiki yangu wa chumbani alinichukua kwenye futari ya wanafunzi. Mimi sikuwa nimefunga kwa niaba ya dini, nilikuwa nimefunga kwa niaba ya mfuko, na hakuna aliyeniuliza. Hilo nawashukuru mpaka leo. Tende, uji, viazi vya karai, bajia, kaimati, mbaazi za nazi, mahamri, juisi ya ukwaju. Watu wamekaa na njaa mchana kutwa, kwa hivyo macho yao yanapakua kwa niaba ya tumbo la watu watatu. Adhana, tende tatu, glasi mbili za juisi, na tumbo limejaa. Mbaazi zikabaki zimeloweka mahamri. Mfungo ambao mojawapo ya hekima zake ni kumwonjesha mwenye shibe njaa ya maskini, ulimalizikia kwenye mfuko mweusi wa taka nyuma ya jengo.

Mtu atasema, sasa wewe unatutafutia makosa, mbona usiseme na mahoteli? Mbona usiseme na madalali wanaoacha maembe ya Magarini yaoze chini ya miti kila msimu ukifurika? Nasema nao pia. Lakini takwimu hazitupi mahali pa kujificha. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba nyumba za Kenya zinatupa kilo 99 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka, jumla tani kama milioni 5.2. Ripoti yake ya 2024 ikasema dunia ilitupa tani bilioni 1.05 mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Majumbani ni kwa watu wa kawaida. Ni mimi na wewe na sufuria.

Na tunatupa tukiwa wapi? Tuko Kilifi, bwana. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika kaunti kame za nchi hii, na Kilifi ni mojawapo. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Ukitoka Kilifi mjini ukaenda ndani, Ganze, mahindi yalikuwa yakikauka yakiwa kimo cha goti. Hawe wangu anaishi huko. Wazee wa Kigiriama walizipa njaa majina kama vile watoto. Njaa ya Magunia, ya mwishoni mwa karne ya 19, bado inatajwa kwa jina lake. Watu wanaoipa njaa jina hawaichezei. Sima ya jana hawe huikata vipande akaichoma kwenye makaa asubuhi, ukala na chai. Ukoko wa sufuria huloweka, akautoa kwa kuku. Si msomi, na kanisani huenda Pasaka na Krismasi. Lakini akiona punje chini, anainama.

Sasa swali ni kwa nini. Kwa nini mwanafunzi ambaye Jumanne alilala njaa, Jumapili anatupa paja la kuku? Hapa ndipo naomba wanaharakati wa mazingira wanisamehe, kwa sababu jibu haliko kwenye zile karatasi wanazobandika ukutani kwenye mesi. Tatizo si kwamba tuna chakula kingi. Tatizo ni aibu.

Kumaliza sahani chuoni ni kuonekana una njaa. Ukiikwangua sahani, mezani watu wanatazamana. Ukiuliza kama wali umebaki, wewe ni mshamba wa kutoka ndani. Ukibeba kilichobaki kwenye mkebe, ndio kabisa, jina la utani umeshapata. Mwenye hadhi ni yule anayeisukuma sahani mbele nusu imejaa na kusema, "Aah, nimeshiba." Mimi mwenyewe nimeyafanya. Mkopo wa kwanza ulipoingia nilikwenda mjini na wenzangu, nikaagiza chipsi kuku, nikaacha nusu. Nilikuwa nataka kuimaliza hadi roho inauma. Niliiacha ili waone kwamba naweza kuiacha. Miezi minne baadaye nikawa karibu na ile ndoo.

Kwa hivyo usiniambie wanafunzi maskini hawatupi. Wanatupa, tena mwenye njaa ana sababu zaidi ya kutupa, kwa sababu ndiye mwenye kitu cha kuficha. Na ndio maana hotuba za tabianchi hazitufikii. Hakuna mtu anayeona haya mbele ya tabianchi. Lakini mbele ya wenzake wa ushirika anaona haya. Mbele ya imamu anaona haya. Mbele ya Mungu, angalau kwa nadharia, anaona haya. Chuoni hakuna chombo kingine chenye mamlaka juu ya aibu kuliko dini. Mmefaulu kuwafanya watu waone haya kushikana mikono. Mmefaulu kumfanya msichana ageuke hosteli akabadilishe sketi. Basi nguvu hiyo mnayo. Mnachagua tu pa kuitumia.

Nataka viongozi wa ushirika na wa jumuiya za Kiislamu wanijibu hili. Semesta nzima mna mada: uchumba, mavazi, pombe, muziki, siku za mwisho. Sahani ilikuwa lini? Israfu ilikuwa lini? Ikiwa mtu anaweza kuwa kiongozi wa sifa, au mtoa mawaidha, na wiki nzima akamwaga chakula bila hata mtu mmoja kumshika mkono, basi tumeamua kimyakimya kwamba sehemu hiyo ya maandiko haituhusu.

Mwingine atasema, nimelipia. Mia tatu yangu, chakula changu, shida yako nini? Hili linasemwa sana, na Mkristo na Mwislamu wote wakilisema wamejikanusha wenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao anayeamini kwamba chakula ni chake. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mkulima kuvuna shamba lake mpaka pembeni kabisa. Pembe zile ni za maskini na mgeni. Shamba ni lake, jasho ni lake, na bado pembe si zake. Al-An'am aya ya 141 inamwambia mwenye mazao atoe haki yake siku ya kuvuna, na papo hapo inamkataza israfu. Ukisema "nimelipia" umesema kitu ambacho mwenye duka anaweza kusema. Muumini amejinyima sentensi hiyo tangu siku alipoamini kwamba riziki inatoka kwa Mungu.

Tena nisieleweke vibaya. Siwaambii mle kidogo, wala sisifu njaa. Sisi wa huku hatuna ruhusa ya kusifu njaa. Aprili 2023 dunia nzima ililijua jina la Shakahola, ule msitu wa ndani ya kaunti yetu, nyuma ya Malindi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kule, wakiwemo watoto wengi. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri na wenzake wakayakana mashtaka. Mahakama itasema yake. Ila sisi tuliokuwa tukisoma hesabu ya miili ikipanda kila siku tulijifunza kwamba dini inaweza kukigeuza chakula kuwa adui wa roho. Tukalia, tukalaani, tukasema hiyo si dini.

Sawa. Lakini dini inayokifanya chakula kuwa si kitu, cha kurundikwa kwa picha na kumwagwa bila mtu kugeuka, hiyo nayo inasimamia nini? Kule chakula kilikatazwa, huku kinadharauliwa. Sisemi uzito ni sawa. Watu walikufa kule. Nasema tu kwamba mtu aliyetoka katika kaunti hii, baada ya mwaka ule, angepaswa kushika kipande cha mkate kwa namna tofauti.

Basi tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulalamika, kwa sababu kulalamika nako kunashibisha. Kuna mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

La kwanza, turudishe sinia. Wazee wa pwani hawakuwa wajinga. Sinia moja, watu wanne, kila mtu anakula upande wake. Kwenye sinia huwezi kujipakulia mlima, kwa sababu mlima ni wa wote. Anayeshiba anajitoa, na kilichobaki kinaliwa na mwenzake bila tangazo. Hakuna anayejua nani alikuwa na njaa zaidi. Kama sinia haiwezekani, basi pakua kidogo, na mtangazaji aseme kwa sauti kabla ya sala kwamba kurudi mara ya pili ni ruhusa. Mara ya kwanza ni kidogo kwa wote, hata kwa mhubiri mgeni. Hasa kwa mhubiri mgeni.

La pili, chakula cha wasio nacho kitolewe kwenye sufuria kabla ya sala, sio kwenye sahani baada yake. Siwaombi mumpe mtu makombo yenu. Nimeyala, naijua ladha yake. Nasema kabla hamjapakua, sahani kumi au kumi na tano zitengwe, zifunikwe, ziwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuingia na kuchukua bila kuandika jina, bila kuulizwa, bila kuwekewa mkono begani. Injili ya Mathayo inataka mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia. Sura ya Al-Baqara, aya ya 271, inasema sadaka ya siri kwa maskini ni bora zaidi. Mtu akichukua sahani ile msimpige picha kwa ukurasa wa ushirika, tafadhalini.

La tatu, lisemwe mimbarini. Khutba moja ya Ijumaa, mahubiri mamoja ya Jumapili, mwanzo wa kila semesta, kabla mikopo haijaingia. Mwambieni yule wa mwaka wa kwanza aliyetoka Bamba au Marafa na sanduku la bati kwamba kumaliza sahani ni ibada. Mwambieni kubeba kilichobaki si ushamba. Akiyasikia kutoka kwa mtu anayemheshimu, tena mbele ya wote, ile aibu itahama. Itamtoka anayemaliza na kumkalia anayemwaga. Hapo ndipo ninapotaka ikae.

Mimi nilitoka chuoni semesta iliyofuata. Si kwa sababu ya ile Jumapili, ni karo. Yule ndugu wa maombi nina uhakika aliniombea kweli, hakuwa mnafiki. Alikuwa na imani ya kutosha kumwomba Mungu anilishe, na sahani mkononi, na mimi mbele yake, na hayo matatu hayakukutana kichwani mwake.

Basi Jumapili ijayo, au magharibi ya futari ijayo, ukishamaliza kuitikia Amina, usikimbilie picha. Bakia nyuma. Nenda pale vyombo vinapooshwa, utazame ndani ya ndoo, kisha umtazame anayekwangua sahani. Muulize kama yeye amekula.

Halafu mpakulie. Kwenye sufuria.